Muulize Bibi wa Stesheni: Treni imerudi Kaskazini, mzigo uko wapi?

*Shikamoo Bibi. Nina duka la vifaa vya ujenzi na pembejeo hapa Same mjini. Saruji naitoa Tanga kwa lori, na gharama ya lori ndiyo inayonimaliza. Reli ya Kaskazini, hii ya Tanga, Moshi hadi Arusha, ilipofufuliwa nilidhani shida yangu imekwisha, lakini treni ya mizigo naiona inanipita tu kwenda Moshi. Je, mtu wa kawaida anaweza kusafirisha kwa reli, au hiyo ni ya wenye viwanda? Na kama inawezekana, naanzia wapi? – Mwenye duka, Same*

Marahaba, baba. Inawezekana, na kiwanda huhitaji. Unachohitaji ni behewa kujaa. Reli haikuuzii nafasi ya mifuko hamsini, inakuuzia behewa zima. Behewa la kawaida la njia yetu hubeba kama tani 40, yaani mifuko 800 ya kilo 50. Ukiagiza 300, mingine 500 utakuwa umelipia hewa. Kwa hiyo kabla hujafika stesheni, pita kwanza kwa wenzako wenye maduka hapohapo Same. Mkipatikana watatu au wanne, agizeni pamoja kwa jina la mmoja wenu. Najua wafanyabiashara wa mji mmoja hawapendi kujuana bei. Basi ambianeni tonaji, bei mfichane.

Ukishapata wenzako, nenda kwa mkuu wa stesheni. Usianze na bei. Muulize kwanza behewa litapatikana lini na litashushwa wapi. Bei ina karatasi yake, utaonyeshwa. Behewa halina karatasi: lipo au halipo. Kisha uliza umepewa saa ngapi za kushusha kabla tozo ya kuchelewesha behewa haijaanza kuhesabu, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Mtu anapata nafuu nzuri kwenye usafiri, halafu behewa linamlalia siku mbili kwa sababu vijana wa kushusha hakuwaita mapema. Mifuko 800, ukiwa na vijana wanane, ni mifuko mia mia kila mmoja. Ni kazi ya siku, lakini ya siku moja tu ikiwa lori lako dogo la kupeleka dukani linazunguka bila kusimama.

Na kule Tanga, kabla mfuko wa kwanza haujapanda, mwambie mtu wako aingie ndani ya behewa tupu, afungiwe milango yote miwili, atulie mpaka macho yazoee giza. Akiona nyota za mchana kwenye paa au mwanga kwenye pembe za mlango, hapo ndipo maji yatakapopita. Alikatae behewa, au adai lizibwe. Nilikuwa karani wa mizigo miaka mingi, na mabishano mengi ya saruji iliyoganda yangekwisha kwa dakika hiyo moja ya giza. Likifika kwako, usikate lakiri, ule muhuri wa kufungia mlango, kabla hujalinganisha namba yake na ile iliyo kwenye hati ya mzigo. Ukishaikata, malalamiko yako yamekatika nayo.

Sasa kuhusu kupitwa. Treni haikudharau Same, baba. Kumshushia mtu behewa moja njiani ni kazi: lazima kuwe na njia ya pembeni, lazima kichwa cha treni kikate behewa, kilisukume huko, kirudi kuunga treni, na wakati wote huo treni nyingine zinangoja, maana njia ni moja. Stesheni nyingi ndogo za kwetu njia kuu ilitengenezwa, ile ya pembeni ikabaki chini ya udongo na miiba. Dereva anapita kwa sababu hana pa kukuachia. Ndiyo maana ninyi watatu au wanne mkiandika barua ya pamoja kwamba mnataka mabehewa kadhaa kila mwezi, na tonaji mmezitaja, mnampa mkuu wa stesheni kitu cha kupeleka juu. Malalamiko ya mdomo hayafukui njia ya pembeni.

Utanivumilia niseme jambo ambalo hukuuliza. Julai 2019 treni ya mizigo ilipofika tena Moshi, na Desemba ya mwaka huohuo ya abiria, na Oktoba 2020 ikaingia Arusha, watu walijaa stesheni kuitazama, wengine wamebeba watoto waliokuwa hawajawahi kuiona. Mimi pia nilifurahi. Lakini reli hii haikufa kwa kukosa watu wa kuipungia mkono. Ilikufa mzigo ulipoiacha. Miaka ya mwanzo ya 1960 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mashamba yaliyopangana na reli hii, Muheza, Korogwe, Mombo, Mazinde. Robota moja ni kilo 250. Piga hesabu ni mabehewa mangapi hayo. Kisha kamba za nailoni zikaingia duniani, mashamba yakataifishwa, mengine yakageuka vichaka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima haukufika hata tani 30,000. Barabara ya lami ikamalizia kazi. Treni ya abiria ilisimama, ile ya mizigo ikajikokota mpaka nayo ikanyamaza.

Ukielewa hilo utaelewa kwa nini duka lako lina maana kwa reli nzima. Treni inayopanda na saruji na mbolea na kushuka tupu inalipa mafuta mara mbili kwa mzigo mmoja. Bei unayotajiwa wewe imebeba na ile safari tupu. Upande wenu mna jasi ya Makanya, mzigo mzito, hauozi, hauna haraka, na viwanda vya saruji vinautaka. Huo ndio mzigo wa treni hasa. Kiwanda cha saruji kiko Pongwe, na reli inapita hukohuko Pongwe. Behewa lipande na saruji, lishuke na jasi, na bei ya kila mmoja wenu itazungumzika. Tangawizi na nyanya mwachieni lori. Nyanya haziwezi kungoja kupisha treni Korogwe.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Arusha. Naona SGR ya Dar hadi Dodoma inavyokimbia kwa umeme, halafu sisi tumekarabatiwa reli ya Mjerumani inayokwenda polepole. Si bora hizo fedha zingengoja reli ya kisasa? Au wangempa mwekezaji tu aiendeshe? – Kijana wa Arusha*

Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza tumpe Mjerumani chake na Mwingereza chake. Mjerumani alianza Tanga 1893 na akafika Moshi 1911. Kipande cha Moshi mpaka kwenu Arusha alikimalizia Mwingereza, 1929. Na ile njia inayochepuka Mnyusi kwenda kukutana na Reli ya Kati pale Ruvu ni ya 1963, sisi tukiwa tumeshajitawala. Kabla ya hapo behewa la Tanga halikuwa na njia ya kufika Dar es Salaam kwa reli ya hapa nchini. Kwa hiyo unaposema reli ya Mjerumani unawanyima wengi haki yao, wakiwemo waliovunja miamba ya Usambara kwa mikono na ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Na kuhusu mwekezaji, cha kuchekesha ni kwamba hadithi hiyo ni ya zamani kuliko reli yenyewe kufika Korogwe. Aliyeanza kujenga Tanga alikuwa kampuni binafsi ya Kijerumani. Ilifika Muheza 1896, kilomita kama 40 tu, fedha zikaisha. Miaka mitatu baadaye serikali yao ikainunua na kuendelea, Korogwe 1902, Mombo 1905. Njoo kwetu: 2007 shirika la reli lilikodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ya RITES ya India, wao asilimia 51 na serikali 49. Haikupita hata miaka mitano serikali ikawa imelirudisha mikononi mwake. Sheria ya Reli ya 2017 ikaunganisha tena shirika la kuendesha treni na lile la kumiliki njia, ikawa Shirika moja la Reli Tanzania, TRC.

Sisemi mwekezaji ni mbaya. Mwenye mabehewa yake na mzigo wake aje, alipie njia, apite. Ila njia yenyewe, yaani tuta, reli, mataruma ya kulalia reli, kokoto, madaraja, sijaona anayeitunza kwa moyo huku anahesabu faida ya mwaka huu. Tuta halilipi mwaka huu.

Kuhusu kungoja ya kisasa. SGR ni njia ya upana wa milimita 1,435, yetu ni 1,000, kwa hiyo behewa la huku haliingii kule. Lakini behewa la kwetu linaingia kwingi. Ulipakie Tanga, lipite Muheza, lichepuke Mnyusi, lishukie Ruvu, liingie Reli ya Kati mpaka Kigoma au Mwanza, bila mfuko kuguswa njiani. Na hiyo SGR ya Tanga hadi Arusha unayoisubiri inahitaji mabilioni mengi sana, na mkopeshaji swali lake la kwanza ni lile lile la mwenye duka wa Same: mzigo uko wapi? Reli ya zamani ndiyo inayoutafuta huo mzigo sasa. Bandari ya Tanga imechimbwa kina mpaka mita 13, meli zinafunga gatini, wakati zamani zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa kwa matishari. Mzigo unaoshuka pale ukizoea malori yote, kuja kuurudisha kwenye reli baadaye ni kazi ya kizazi kizima.

Hiyo polepole unayoilalamikia ina sababu, nayo si uzee peke yake. Baba yangu alikuwa mnyapara wa genge upande wa Buiko. Wasomaji wa sasa hamjui genge la reli. Kila umbali fulani kulikuwa na nyumba chache za matofali, watu kadhaa na mnyapara wao, na kipande chao cha njia cha kutunza. Asubuhi mtu mmoja anatembea kipande chote na nyundo na spana, anagonga misumari na nati za kuungia reli huku anasikiliza. Nati iliyokaza inalia kivyake, iliyolegea inalia kivyake. Jua la saa nane likiwaka, chuma kinatanuka, na pale ilipoachwa nafasi ndogo mno kati ya reli mbili, njia inapinda wazi ukiiona. Lakini hofu yao kubwa ilikuwa masika. Reli hii kuanzia Korogwe mpaka Same imelala miguuni mwa milima, Usambara kisha Upare, na kila korongo la mlimani lina karavati lake chini ya tuta. Karavati likizibwa na magogo na mchanga, maji yanapanda upande mmoja mpaka yanakata tuta. Juu reli inabaki inaning'inia hewani, imenyooka vizuri kabisa, na dereva wa usiku kwa taa yake anaona njia nzima. Kwa hiyo mvua ikinyesha mlimani baba alitoka usiku na taa ya mafuta, hata kama huku chini hakukuwa na tone, akaenda kuchungulia makaravati yake moja moja. Palipoharibika mbali, kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, kilileta watu na vifaa.

Mafundi waliofufua njia hii walifanya kazi kubwa, nawavulia kilemba. Lakini kufyeka, kubadili mataruma na kuweka reli kuna sherehe yake na kamera zake. Kuzibua karavati Februari kabla ya masika hakuna anayekuja kupiga picha. Nikiwa na shilingi moja ya kuongeza kwenye njia hii, siipeleki kwenye behewa jipya wala rangi ya stesheni. Naipeleka kwa watu wa genge, wapate nyumba ya kukaa njiani na mshahara wa kuwafanya wabaki hapo. Pale njia inapoaminika, dereva anaruhusiwa mwendo. Pale isipoaminika anawekewa kibao cha tahadhari, anatambaa, na wewe Arusha unasema Mjerumani.

*Shikamoo mama. Nataka kwenda Moshi Desemba na wajukuu wanne. Basi linatuchosha na nauli msimu ule hupanda. Je, treni inafaa kwa watoto? Nibebe nini? – Mama wa Kimara*

Marahaba mwanangu, na hongera ya wajukuu. Kama una haraka panda basi, sitakudanganya. Basi la asubuhi Dar unaliacha na jioni umefika Moshi. Treni inakwenda usiku kucha. Ila kwa watoto wanne mimi ningechagua treni, kwa sababu mtoto wa basi anafungwa kitini siku nzima, wa treni anatembea, anakwenda chooni akitaka, na usiku analala. Ukiweza wachukulie behewa la kulala. Ukishindwa, daraja la tatu linafika saa ileile. Treni haina foleni ya daraja.

Beba shuka au kanga za kutosha. Usiku kuanzia Mombo kupanda kuna upepo, na madirisha ya daraja la tatu yana tabia zao. Beba maji na chakula cha kwanza. Kingine utanunua dirishani stesheni. Msimu wa machungwa ukiwa mzuri, Muheza ndiko kwenyewe, ila treni ya Dar haipiti Muheza, inajiunga na njia ya Tanga pale Mnyusi. Kwa hiyo machungwa ya Muheza utayakuta Korogwe, yamepanda bei kidogo kwa umbali huo. Mwonye mkubwa wa wajukuu asimruhusu mdogo kutoa mkono nje wakati treni inaondoka. Ni hapo wezi wa simu wanapofanya kazi yao.

Desemba Wachagga wote wanakwenda nyumbani, na wao hawaulizi kama treni inafaa, wananunua. Treni ya abiria iliporudi 2019 ilirudi msimu huohuo, na ilijaa. Wewe pita stesheni mapema, na hapohapo uthibitishe siku za safari, maana ratiba ya njia yetu hubadilika mvua zikiharibu tuta. Usitegemee ratiba ya mwaka jana aliyokuhadithia jirani.

*Bibi, hapa kwetu kati ya Kahe na Moshi reli ilikuwa kimya miaka mingi. Watu walianikia mahindi juu yake, mbuzi wanalala, watoto wanakwenda shule kwa kutembea katikati ya reli. Treni imerudi, tabia haijabadilika. Diwani anasema TRC waweke geti. Wewe unasemaje? – Mzazi, Kahe*

Geti liombeni, kwenye barabara yenye magari mengi lina haki ya kuwepo. Lakini geti ni la gari. Mtoto atapita kando yake.

Mwanangu, watu wa kizazi chako mmekua reli ikiwa njia ya miguu, hilo halina wa kulaumiwa. Kinachohitajika sasa ni kuwaambia watu treni ni kitu gani. Treni ya mizigo yenye mabehewa ishirini yaliyojaa ni tani mia nane na zaidi. Dereva akimwona mtoto na kufunga breki saa hiyohiyo, bado itateleza mamia ya mita kabla haijasimama. Na haina usukani wa kukwepa. Mtu anayetembea mbele yake, na upepo ukiwa unatoka aendako, anaweza asiisikie mpaka imemkaribia kabisa, hasa akiwa na simu masikioni.

Mwalimu mkuu wa shule ya hapo aombe mtu wa usalama kutoka stesheni ya Moshi aje shuleni, barua moja inatosha, na wengi huja kwa furaha. Ninyi wazazi mchague mahali pamoja pa kuvukia, panapoonekana mbali pande zote mbili, si kwenye kona wala kwenye mtaro ambako njia imezama. Fyekeni vichaka mita nyingi kila upande wa mahali hapo, ila mumwarifu kwanza mkuu wa stesheni kwa sababu eneo ni hifadhi ya reli. Kisha watoto wote wapite hapo tu, wasimame, watazame kulia na kushoto, wavuke wakitembea. Wasikimbie, kwa sababu anayekimbia ndiye anayejikwaa kwenye taruma.

Mahindi yaondoeni leo. Mwenye mbuzi akigongewa mbuzi wake asiende stesheni kudai fidia, anaweza kujikuta yeye ndiye anayedaiwa.